Maji Twahara na Maji Salama

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa afya kabla hatujaiomba, akatuteremshia maji yakawa uhai wa kila chenye roho, akatuamuru tujitwaharishe kwayo kabla ya kusimama mbele Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaosikiliza majumbani, khutuba yetu ya leo ni juu ya maradhi ya kipindupindu. Huenda wako watakaosema kwamba habari za kuhara na kutapika si maneno ya mimbari. Lakini dini hii imetufundisha hata namna ya kwenda chooni, na mguu upi utangulie kuingia. Hatuwezi basi kuona haya kutaja tumbo la Muislamu ilhali tumbo hilo laweza kumwua baina ya adhuhuri na isha.

Nataka kuanza na jambo tunalolijua sote tangu chuoni. Mwanafunzi anayesoma fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi hufundishwa mlango wa maji kabla ya milango mingine. Hujifunza kwamba maji yakifikia kulateni, yaani kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yabadilike rangi, au tamu, au harufu. Hukumu hii ni ya haki, na kwayo tumetawadha katika mabirika na visima vya misikiti ya Tanga, Pangani na Moa, vizazi kwa vizazi. Ila tuelewe hukumu hii inajibu swali gani. Yajibu kama maji haya yafaa kwa udhu na josho. Haikuwekwa kujibu kama maji haya, ukiyanywa, yatakuacha mzima. Kidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi ya maji, wala tamu yake, wala harufu yake. Maji ya kisima yaweza kuwa maangavu kama kioo, yakawa twahara kwa udhu, na ndani yake mna mauti.

Wala msidhani kwamba sharia haikuijua hatari isiyoonekana. Mtume (S.A.W.) alimkataza mtu aliyeamka usingizini asitie mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwa sababu hajui mkono huo umelala wapi. Zingatieni sababu hiyo. Hakusema mpaka auone uchafu. Alisema kwa kuwa hajui. Kadhalika aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe vinywa. Akakataza mtu kujisaidia penye maji ya kuchotwa, na njiani, na kivulini wanapopumzika watu. Laiti mambo haya machache yangefuatwa katika kila mtaa, maradhi haya yangekosa njia nyingi za kupita.

Ugonjwa huu si mgeni katika pwani yetu. Daktari Mskochi, James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja zama za Masultani, aliandika kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, kikachapishwa mwaka 1876. Aliifuata njia ya ugonjwa kama mtu afuataye nyayo. Mwaka 1865 uliwaangamiza mahujaji wengi sana Makka, ukavuka Bahari ya Shamu hadi Uhabeshi, ukateremka polepole kwa njia za misafara na nchi za Wamasai, hata mwaka 1869 ukatokea Pangani, hapa hapa petu. Kutoka Pangani ukafuata pwani, na kabla ya mwaka kwisha ukawa umeingia mji wa Unguja, ukaua maelfu. Hata jina la aina ya kidudu kilichoenea duniani tangu mwaka 1961, aina iitwayo El Tor, latokana na At-Tur, bandari ya Sinai palipokuwa na karantini ya mahujaji. Huko ndiko kilikotambuliwa mwaka 1905, katika miili ya mahujaji waliofia safarini wakirejea makwao. Nchi yetu ilifikiwa na aina hii mwaka 1974, ikashambuliwa vikali mwaka 1977 na 1978. Na mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea kwa zaidi ya miaka miwili, ukafika mikoa yote ya bara na visiwani. Watu zaidi ya 33,000 waliugua na zaidi ya 500 walifariki.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko twakosea zaidi.

Watu wengi wajua kwamba kipindupindu hutoka majini. Wachache wajua kwamba chakula hukibeba vizuri kuliko maji. Tumbo la mwanadamu lina ukali wake, nao huua vidudu vingi vinavyonywewa na maji matupu. Lakini kidudu kikiingia pamoja na chakula, chakula humkinga, na idadi ndogo yatosha kumwangusha mtu. Tena katika chakula cha majimaji kisichokuwa kikali, kilichopoa na kuachwa katika joto la pwani yetu, kidudu hakikai tu; huzaana. Wali wa jana uliofunikwa kawa na kuliwa asubuhi bila kupashwa moto ukachemka, huo ni shamba la vidudu. Mwenye kuupakua kwa mkono usiooshwa ndiye mpandaji. Vivyo hivyo samaki wa kukaanga aliyekaa sinia wazi tangu mchana, inzi wakitoka chooni na kutua juu yake. Kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima. Maji ya ukwaju na barafu za watoto zilizogandishwa kwa maji yasiyochemshwa. Msidanganyike kwamba baridi huua kidudu, baridi humlaza tu. Ndimu husaidia kidogo, lakini kipande cha ndimu juu ya samaki wa jana si dawa.

Wavuvi na wanaopenda vitu vya pwani wasikie na hili. Kidudu hiki kina makazi yake ya asili nje ya mwanadamu. Huishi katika maji ya chumvichumvi, pale mto unapokutana na bahari, kimejishikiza katika viumbe vidogo sana vya majini. Pwani yetu ina milango ya mito na mikoko mingi. Chaza na kombe basi wasiliwe wabichi wala nusu bichi. Wapikwe hata wive ndani.

Na visima? Ardhi yetu ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, na maji yako karibu. Uchafu wa shimo la choo hupita katika mawe hayo kama maji yapitavyo katika kifumbu cha nazi. Mwenye kuchimba choo karibu na kisima cha jirani, akasema kiwanja ni changu, amemdhulumu jirani haki iliyo kubwa kuliko mpaka wa shamba. Wakati wa masika vyoo vinapofurika, dhuluma hiyo huingia ndani ya mtungi.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, kisha yafunikwe na kuchotwa kwa kata yenye mkono mrefu, vidole visiguse maji. Asiyeweza kuchemsha atie klorini kwa kipimo kilichoandikwa, angoje nusu saa. Maji yakiwa na matope yachujwe kwanza. Kule Bangladesh iliwahi kujaribiwa kuchuja maji ya mto kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua karibu nusu. Kwa hiyo kanga safi iliyokunjwa mara nne ina manufaa yake. Nasema manufaa, sikusema inatosha. Ile nusu iliyobaki ni watu. Na maji ya birika la msikiti, wakati wa mlipuko, yatiwe klorini, kwa sababu mwenye kutawadha husukutua, na mtoto akisukutua humeza.

Ndugu zangu, nimefika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimewataka mnisikilize leo.

Kipindupindu hakiui kwa sumu inayooza mwili. Huua kwa kumkausha mtu. Mgonjwa aliyeshikwa barabara aweza kupoteza lita nzima ya maji katika saa moja, na pamoja na maji hutoka chumvi ya mwili. Kwa hiyo alama zake zijulikane na kila mtu mzima nyumbani. Huanza ghafla, saa chache au hata siku tano baada ya kula au kunywa kilicho na kidudu. Aghalabu hakuna homa, wala hakuna msokoto mkali wa tumbo, na hilo huwadanganya wengi wakadhani ni jambo jepesi. Choo hutoka kwa wingi, cheupe cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Hufuata kutapika. Kisha macho huingia ndani, sauti hukauka, misuli ya miguu hukakamaa na kuuma, vidole hukunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, mkojo hukatika. Ukiifinya ngozi ya tumbo na kuiachia, hairudi upesi. Mtoto hulia bila machozi, kisha hata kulia huacha. Nyamazo hilo lisikufurahisheni, mama zangu, si kupona.

Ikiwa choo kina damu, hiyo ni kuhara damu. Ikiwa ni homa inayopanda siku kwa siku pamoja na maumivu ya kichwa na tumbo, yamkini ni homa ya matumbo. Nazo ni maradhi ya uchafu wa chakula na maji, na zataka tabibu. Lakini kipindupindu ndicho kisichokupa muhula wa siku.

Nini kifanywe? Mgonjwa anyweshwe. Anyweshwe tangu choo cha kwanza cha majimaji, hapo hapo nyumbani, kabla ya kutafuta gari, na wakati wa kutafuta gari, na ndani ya gari. Ile pakiti ya chumvichumvi itolewayo zahanati na kuuzwa maduka ya dawa huchanganywa katika lita moja kamili ya maji salama. Isipokuwepo, mama atie katika lita moja ya maji vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, akoroge. Aonje kwanza: yasizidi chumvi ya machozi, kwani chumvi nyingi humdhuru mtoto. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kiasi cha nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, kidogo kidogo. Mkubwa wake apewe kikombe kizima au chini yake kidogo. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo, wala msistaajabu akimaliza lita nyingi kwa siku moja. Akitapika, mngoje kama dakika 10, kisha mwanze tena polepole. Anyonyaye asiachishwe ziwa. Nasisitiza hili kwa sababu tuna dhana ya kale, nayo bado i hai mitaani, kwamba mwenye kuhara asinywe, kwa kuwa kila akinywa hutoka. Dhana hiyo imezika watoto wengi. Ni kweli kwamba choo hakitakoma kwa kunywa; lakini asemaye maji yanapita tu ajue kwamba sukari hufungua mlango wa utumbo, chumvi ikaingia, na maji yakaifuata.

Elimu hii ilithibitika penye dhiki. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walisongamana katika kambi ya Bangaon upande wa India, kipindupindu kikawafyeka. Dawa ya maji ya mishipa ikaelekea kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji ya sukari na chumvi yachanganywe katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hata chini ya 4. Tazameni walionywesha walikuwa nani. Hawakuwa waganga. Walikuwa mama, shangazi, na watoto wakubwa.

Hata hivyo kunywesha nyumbani si badala ya kwenda kwa tabibu. Aliyelegea, au asiyeweza kunywa, au aliyekatika mkojo, huyo ahitaji maji ya mishipa upesi. Apelekwe kituo kilicho karibu nanyi, na mkoani petu zahanati na vituo vya afya havikosi njia ya kuwafikisha Bombo wanaohitaji zaidi. Mgonjwa akiwahi kutibiwa, ni nadra kufa. Hawafikii mmoja katika mia. Asipotibiwa, waliozidiwa hufa kama nusu yao. Dawa za kufunga tumbo msinunue, huzuia uchafu ndani. Vidonge vya kuua vidudu huamuliwa na tabibu. Watoto hupewa na madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Kwa nini basi watu bado hufa, na dawa yenyewe ni sukari na chumvi? Mimi naona yako mambo mawili, na yote mawili yamo mioyoni mwetu, hayamo dukani.

La kwanza ni haya. Mtu mzima mwenye heshima zake ashikwa usiku, aona vibaya kuwaamsha watoto wake au mkwewe wamwone katika hali ile. Ajifungia, asema asubuhi nitakwenda. Asubuhi hukutwa amekauka. Au nyumba yenye arusi yaficha kwamba mpishi anaharisha, isije ikasemwa chakula chao ni kichafu, na sinia zaendelea kutoka. Haya ni tawi la imani, naam. Lakini haya inayomzuia mtu asiokoe nafsi, au inayomlisha mgeni maradhi, imetoka katika maana yake. Mpishi anayeharisha aondoke jikoni, na mwenye shughuli amshukuru badala ya kumnuna. Na jirani asiyeficha, akamwarifu mjumbe au mhudumu wa afya, asisengenywe. Wengi waliobeba kidudu hawaumwi kabisa, wala hawajijui. Hakuna nyumba iwezayo kuinyoshea nyingine kidole.

La pili ni kauli ya kadari isemwayo pasipo mahali pake. Husemwa: afaye kwa ugonjwa wa tumbo ni shahidi, tumwachie Mungu. Ni kweli imepokewa kwamba afaye kwa maradhi ya tumbo ana daraja ya shahidi. Hiyo ni faraja kwa aliyefikwa, na kwa wafiwa. Haikuwa ruhusa ya kumwacha mtu afe na kikombe ki karibu. Aliyezama pia ni shahidi, na hakuna aliyeiona ngalawa ikipinduka Kigombe akakaa ufukoni kwa hoja hiyo. Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Shamu akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alikiri kwamba ndiyo, anatoka kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akawapa hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba penye tauni pasiingiwe, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Vivyo hivyo chanjo ya kumeza ni katika kadari. Mwaka 2009 ilitolewa Unguja na Pemba, karibu watu 24,000 wakapata dozi zote mbili, na waliochanja walikingika kwa kiasi kikubwa. Siku itakapoletwa kwetu, asiikatae mtu kwa uvumi wa barazani.

Imebaki habari ya maiti, ambayo huleta ugomvi kila mlipuko unapotokea. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado una vidudu. Haki zake nne zabaki: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Lakini waoshaji wawe wachache, wavae mipira ya mikono, maji yatiwe klorini, na lile la kumpapasa tumbo kulitoa lililomo liachwe, kwani ni suna, na kumlinda aliye hai ni faradhi. Maji ya josho yasimwagwe karibu na kisima; yaende shimoni. Wahudumu wa afya wakisema hatari ni kubwa kwa waoshaji, mafakihi wametaja tayamamu kwa maiti ambaye kumwosha kwahofiwa madhara. Asiambiwe mtu kwamba mzee wake amezikwa kama mnyama.

Nguo na matandiko ya mgonjwa yachemshwe au yaloweshwe katika klorini, yasipelekwe mtoni kufuliwa. Aliyeosha maiti na aliyemwuguza wasiingie jikoni matangani. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wawapikie jamaa za Jaafar walipofiwa, wala si wafiwa kuwapikia watu. Katika kipindupindu suna hii ina faida mbili kwa pamoja. Chakula kitoke nyumba ya jirani isiyokuwa na mgonjwa, kiliwe cha moto, na kila mkono uoshwe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, si kwa bakuli moja lizungukalo ukumbi mzima. Hitima yaweza kungoja mpaka mlipuko upite; dua haina haja ya sinia.

Na mgonjwa akishikwa mchana wa Ramadhani afungue, anywe, alipe siku zake akipona. Ambaye kufunga kwahatarisha roho yake, kufunga huko kwamharamikia, wala asingoje magharibi.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi nanyi na Waislamu wote, na awaponye wagonjwa wetu.